Ira Aldridge: Mwigizaji mweusi aliyefungua kiganja chake mbele ya Waingereza

Mpenzi msikilizaji, kati ya ujumbe wa simu tunaopokea kila wiki katika kipindi cha jioni, haukosi ule wa ndoa zilizokataliwa. Kijana kampenda binti wa kabila jingine, au wa dini nyingine, na wazee wamegoma. Wengine wanaandika kwamba wazee walikubali, harusi ikafungwa, lakini baadaye maneno ya watu yakaingia ndani ya nyumba, na waliopendana wakaanza kutazamana kwa macho ya majirani.

Leo tunakuletea maisha ya mtu aliyefariki zaidi ya miaka 150 iliyopita. Kwa takriban miaka 40 kazi yake ilikuwa kupanda jukwaani na kuwaonyesha watu jambo hilohilo. Jina lake ni Ira Aldridge.

Mtoto wa mhubiri

Ira Aldridge alizaliwa New York, Marekani, tarehe 24 Julai 1807. Baba yake, Daniel, alikuwa mhubiri na alitamani mwanawe naye ashike njia ya kanisa. Ira alisomea shule iliyoanzishwa kwa ajili ya watoto weusi, ikijulikana kama Shule Huru ya Waafrika. Wakati huo utumwa ulikuwa bado halali katika jimbo la New York, na ulifutwa kabisa mwaka 1827.

Mwaka 1821 mtu mweusi aitwaye William Brown, aliyewahi kuwa mhudumu katika meli, alianzisha kundi la michezo ya kuigiza mjini humo. Waigizaji wake walikuwa weusi, na waliigiza tamthilia za Shakespeare. Jambo hilo liliwaudhi baadhi ya wazungu. Wahuni walivamia maonyesho kufanya fujo, na siku moja polisi waliwakamata waigizaji wenyewe. Ira alikuwa kijana mdogo, lakini aliona mapema kwamba mtu mweusi akisimama jukwaani na kusema maneno ya mfalme, kuna watu wanaotetemeka.

Mwaka 1824, akiwa hajatimiza miaka 18, alipanda meli kwenda Uingereza. Hakurudi Marekani tena maisha yake yote.

Ndoa ya 1825

Alianza kuigiza London mwaka 1825, katika majumba ya watu wa kipato cha chini. Oktoba mwaka huo alipata nafasi katika jumba lililoitwa Royal Coburg, ambalo leo linajulikana kama Old Vic. Huko aliigiza mwana wa mfalme wa Kiafrika aliyeuzwa utumwani Surinam.

Mwezi uliofuata, Novemba 1825, alifunga ndoa na Margaret Gill, mwanamke mzungu mwenye asili ya Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Ira alikuwa na miaka 18, na mkewe alimzidi umri.

Tuutazame wakati huo ulivyokuwa. Uingereza ilikuwa imepiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, mwaka uleule Ira alipozaliwa. Lakini utumwa wenyewe uliendelea katika makoloni yake, hasa kwenye mashamba ya miwa ya visiwa vya Karibi. Matajiri wa mashamba hayo walikuwa na sauti kubwa bungeni na magazetini. Kwao, mtu mweusi alikuwa mali. Kijana mweusi mwenye mke mzungu, tena anayelipwa kusimama mbele ya watu, alikuwa jibu baya kwa hoja zao.

Aldridge naye alijua kuuza jina lake. Alitangaza kwamba ukoo wake ni wa kifalme, kutoka Senegal. Haikuwa kweli, lakini ilijaza viti.

Kisa cha Othello

Tamthilia iliyomfanya ajulikane zaidi ni Othello, ambayo Shakespeare aliiandika mwanzoni mwa miaka ya 1600. Kama hujawahi kuisikia, kisa chake ni hiki.

Othello ni jemadari mweusi anayelitumikia jeshi la Venice. Desdemona, binti mzungu wa mmoja wa wakubwa wa mji, anampenda na wanaoana kwa siri. Baba wa binti anakwenda kushtaki barazani. Anadai mwanawe amerogwa, kwamba bila dawa hawezi kumpenda mtu wa namna hiyo. Othello anajitetea kwa upole. Dawa yake ilikuwa masimulizi tu. Alimweleza binti habari za maisha yake, vita alivyopigana na taabu alizopata, na binti akampenda kwa hayo. Desdemona anaitwa, anathibitisha mbele ya baba yake, na baraza linawaacha waende.

Kesi imekwisha, ndoa imeshinda. Hapo ndipo anapoingia Iago, ofisa aliye chini ya Othello na mwenye chuki moyoni. Iago hapigi ngumi. Ananong'ona. Anamtilia Othello sumu sikioni kwamba mke huyu atamchoka, kwamba ipo siku atawatamani vijana wa rangi yake, kwamba mwanamke aliyemdanganya baba yake atamdanganya na mume. Taratibu Othello anaanza kujitazama kwa macho ya wanaomdharau. Anajiuliza kama ni kwa sababu yeye ni mweusi, au kwa sababu umri umekwenda. Kitambaa cha mkononi kilichopotea kinageuzwa ushahidi, na mwishowe Othello anamuua mke asiye na kosa, kisha anajiua.

Baba wa binti alipinga ndoa kwa sauti kubwa, akashindwa. Ndoa hiyo ilivunjwa pale mume mwenyewe alipoanza kuamini kwamba hastahili kupendwa.

Aprili 1833

Tangu zamani Othello aliigizwa na wazungu waliojipaka rangi nyeusi usoni. Aliyesifika zaidi wakati huo alikuwa Edmund Kean. Tarehe 25 Machi 1833, Kean alianguka jukwaani katika jumba kubwa la Covent Garden akiwa katikati ya mchezo huo, na hakupona. Alifariki mwezi Mei.

Nafasi yake ilipewa Aldridge, mwenye miaka 25. Tarehe 10 Aprili 1833 mtu mweusi aliingia jukwaani Covent Garden kama Othello, na aliyeigiza Desdemona alikuwa Ellen Tree, mwigizaji mzungu aliyeheshimika.

Wengi waliokuwa ukumbini walimshangilia. Baadhi ya magazeti yaliandika mambo mengine. Kuna mhakiki aliyelalamika kwamba ni fedheha kwa mwanamke kama Ellen Tree kushikwashikwa jukwaani na mtu mweusi. Alipokuwa mzungu mwenye rangi ya kupaka, Desdemona aliweza kushikwa bila neno. Ilipokuwa ngozi halisi, mkono uleule ukawa kashfa.

Ni mwaka huohuo ambapo bunge la Uingereza lilikuwa likijadili sheria ya kufuta utumwa katika makoloni. Sheria hiyo ilipita Agosti 1833. Kwa hiyo pale jukwaani hoja haikuwa sanaa tupu. Watu walikuwa wakitazama kama mtu mweusi anaweza kupenda, kuumia na kuheshimiwa kama wao.

Aldridge aliigiza usiku mara mbili tu Covent Garden, kisha mlango ukafungwa.

Miaka ya barabarani

Hakuacha kazi. Alizunguka miji midogo ya Uingereza, Scotland na Ireland, mwaka hata mwaka. Alipofika usiku wa mwisho katika mji, mara nyingi alisogea mbele ya pazia na kuzungumza na watazamaji kuhusu utumwa na haki ya mtu mweusi kuwa huru.

Alicheza pia wahusika wazungu, kama Macbeth, Mfalme Lear na Richard wa Tatu, akijipaka rangi nyeupe. Wazungu walikuwa wamejipaka weusi kwa miaka mingi, naye akageuza kibao.

Katika miaka ya 1840 aliongeza mchezo mwingine, Daktari Mweusi, uliotoka Ufaransa. Kisa chake kinaanzia kisiwa cha Bourbon, ambacho leo kinaitwa Réunion, huku kwetu katika Bahari ya Hindi, mashariki ya Madagaska. Daktari mweusi aitwaye Fabian na binti wa ukoo wa kitajiri wa Kifaransa wanapendana na kuoana kwa siri. Familia ya binti inawaandama kwa sababu ya rangi na ukoo. Kwa mara nyingine Aldridge aliwaweka watazamaji mahali pagumu. Ukiwalilia wapenzi hawa wawili, tayari umekubali kwamba mapenzi yao ni mapenzi.

Ulaya yampokea

Mwaka 1852 alivuka bahari kwenda bara la Ulaya. Alipita Ubelgiji, miji ya Ujerumani na Hungary. Yeye alisema maneno yake kwa Kiingereza, waigizaji wenzake wakajibu kwa lugha zao, na bado watu walilia. Mfalme wa Prussia alimtunuku nishani ya dhahabu ya sanaa na sayansi.

Mwaka 1858 alifika Urusi. Huko alifanya urafiki na Taras Shevchenko, mshairi na mchoraji wa Ukraine, ambaye naye alizaliwa mtumwa wa shamba la bwana mkubwa na akakombolewa ukubwani. Shevchenko alimchora. Mmoja alikuwa mzungu na mwingine mweusi, hawakuwa na lugha moja, lakini kila mmoja alijua maana ya mtu kumilikiwa na mtu.

Mkono kwa mkono

Mwaka 1865, miaka 32 baada ya Covent Garden, Aldridge aliigiza tena Othello London, safari hii katika jumba la Haymarket. Desdemona wake alikuwa binti mdogo, Madge Robertson, ambaye baadaye alikuwa mwigizaji mkubwa. Uzeeni binti huyo alisimulia jambo aliloliona. Katika mchezo, Aldridge alikuwa akifungua kiganja chake na kumtaka aweke mkono wake mweupe juu yake, watazamaji wauone vizuri. Na watu walipiga makofi.

Mwaka 1833 mkono huo uliitwa fedheha. Yeye hakuuficha. Alipozeeka aliuweka mbele zaidi, bila haraka, ili kila mwenye macho aone.

Hakuwa malaika

Tukieleza maisha ya mtu, tuyaeleze yote. Nyumbani kwake Aldridge hakuwa mume mwaminifu. Mwaka 1847 alizaliwa mtoto wake wa kiume, Ira Daniel, kwa mwanamke mwingine, na Margaret alimlea mtoto huyo nyumbani kwao. Baadaye alizaa na Amanda Brandt, mwanamke wa Sweden, wakati Margaret yu hai bado na ni mgonjwa. Margaret alifariki mwaka 1864, wakiwa wameoana karibu miaka 39. Mwaka uliofuata Aldridge alimuoa Amanda.

Watu walisubiri ndoa ya mweusi na mzungu ivunjwe na rangi. Yale maumivu tunayoyajua ndani ya nyumba ile yalitokana na mambo yanayoumiza ndoa yoyote, hata ya watu wa kijiji kimoja.

Urithi

Aldridge alifariki tarehe 7 Agosti 1867 mjini Łódź, Poland, akiwa safarini kuigiza. Alikuwa na miaka 60. Alizikwa hukohuko. Utumwa Marekani, nchi aliyoikimbia, ulikuwa umefutwa chini ya miaka miwili kabla.

Binti yake, Amanda Aldridge, alikuwa mwalimu wa kuimba London. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwemo Paul Robeson, Mmarekani mweusi aliyeigiza Othello London mwaka 1930. Robeson huyo alisoma Kiswahili akiwa hukohuko London katika miaka ya 1930. Mwaka 1943 alimpeleka Othello katika jukwaa kubwa la New York, mji aliozaliwa Aldridge, akiwa na Desdemona mzungu.

Swali la leo

Mpenzi msikilizaji, mchezo wa kuigiza haubadilishi sheria, wala haulipi mahari. Kazi yake ni nyingine. Unakukalisha saa mbili karibu na watu uliofundishwa kuwadharau, unakufanya uwaombee wasitengane, kisha unakurudisha nyumbani na swali.

Sisi wa redio hatuna kiganja cha kuwaonyesha. Tuna sikio lako tu. Iago naye alitumia sikio. Kwa hiyo utakaposikia mchezo wetu ujao wa redio kuhusu wawili waliokataliwa na koo zao, usijiulize tu kama wazee wale wana haki. Jiulize pia ni maneno ya nani unayoyarudia nyumbani kwako unapomtazama mwenzako, au unapomtazama mkwe aliyetoka mbali. Kisha tuandikie. Tutasoma majibu yenu hewani.