Tshibumba, mutu wa kuchora historia

Wandugu wachimbaji na jamaa zenu wa Butembo na Beni, leo tunawaletea maisha ya Tshibumba Kanda Matulu.

Alizaliwa mu 1947 kule Élisabethville, leo Lubumbashi, muji wa shaba. Alichora juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, na watu wa kawaida walinunua tablo zake, wakazitundika mu saloni. Mustari wake ni wa wazi, rangi hazifichi kitu. Ukiona miwani na ndevu kidogo, unajua mara moja: huyu ni Lumumba. Hata asiyejua kusoma anaelewa.

Alichora pia wafanyakazi wa Union Minière, wale waligoma mu 1941 juu ya mshahara, askari wakawapiga risasi mu stade. Yeye alikuwa hajazaliwa, lakini aliyatia mu rangi ili yasipotee.

Mu 1973 na 1974 alimuchorea profesa Johannes Fabian tablo 101, historia ya inchi yote. Kitabu cha hizo tablo kilitoka mu 1996. Yeye mwenyewe, tangu karibu 1981, hakuonekana tena, na anahesabiwa marehemu.

Alizoea kuandika jina lake juu ya tablo. Siye watu wa mashimo tunajua: mutu anaweza kushuka asirudi, jina lake lisiwe limeandikwa popote. Kwa hiyo, kama muko na foto ya baba aliyechimba, muandike jina lake nyuma, na mwaka.