Daktari alimwambia moyo wake mbovu, akashinda Boston mara 7

Ukitaja Boston Marathon leo, wengi wetu tunawaza Wakenya. Ibrahim Hussein alifungua mlango mwaka 1988, akiwa Mwafrika wa kwanza kushinda, na Robert Kipkoech Cheruiyot akachukua taji mara 4.

Lakini kuna jamaa mmoja aliyeshinda mara 7 na mpaka leo hakuna mwanamume mkimbiaji wa miguu aliyemfikia kwenye mbio hizo. Hakuwa hata mkimbiaji wa kulipwa. Alikuwa fundi wa kiwanda cha uchapaji.

Jina lake Clarence DeMar. Alizaliwa mwaka 1888 huko Madeira, jimbo la Ohio, Marekani.

Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 8. Maisha yakawa magumu kwelikweli, na mtoto akaanza kutembea mji hadi mji akiuza sabuni, sindano na nyuzi ili mama apate chochote cha kulisha nyumba. Baadaye familia ilihamia Massachusetts, naye akapelekwa kwenye shule ya bweni iliyokuwa kisiwani, bandari ya Boston.

Alianza kukimbia mbio za nyika mwaka 1909 akiwa chuo kikuu cha Vermont. Mwaka uliofuata tu, 1910, akaingia Boston na kumaliza wa pili.

Sasa ikafika 1911. Kabla ya mbio, madaktari walikuwa wanawapima wakimbiaji kwa kuwasikiliza kifua. Wa DeMar ulikuwa na mlio usio wa kawaida. Akaambiwa akichoka atoke njiani, na hizo ziwe mbio zake za mwisho.

Fikiria wewe uko pale, una miaka 22, umevaa raba zako, halafu unaambiwa moyo wako una kasoro. DeMar alikimbia. Alishinda kwa saa 2, dakika 21 na sekunde 39, rekodi mpya ya mbio hizo (njia ya Boston enzi hizo ilikuwa fupi kuliko marathoni ya sasa).

Mwaka 1912 alikwenda Olimpiki ya Stockholm, akamaliza wa 12. Baada ya hapo akawa mbali na Boston kwa miaka kadhaa. Maneno ya madaktari yalikuwa hayajamtoka kichwani. Pia alikuwa mtu wa kanisa, mwalimu wa watoto Jumapili, na alijiuliza kama kutafuta ushindi na sifa si majivuno tu.

Alirudi 1917 akawa wa tatu. Vita ikaja, akavaa sare ya jeshi.

Watu wakadhani huyo kaisha. Kumbe bado! Mwaka 1922, akiwa na miaka 33, alishinda Boston tena na kuvunja rekodi. Akashinda 1923. Akashinda 1924.

Siri yake ilikuwa nini? Kwa kweli hakukuwa na siri. Mzee alikuwa anakimbia kwenda kazini asubuhi na anakimbia kurudi nyumbani jioni. Basi. Hakuwa na kocha wa kumsimamia wala kambi ya mlimani, na Boston haikuanza kutoa fedha kwa washindi hadi mwaka 1986. Kutwa nzima alisimama akipanga herufi za risasi, kazi inayotaka macho na subira, kisha anabadilisha nguo na kuingia barabarani, iwe baridi au theluji. Mbio zikimpendeza, zilikuwepo karibu kila mwisho wa wiki huko New England, na zawadi ilikuwa medali au kikombe cha kuweka kabatini.

Wanaokimbia kabla ya kwenda kazini wanaelewa ninachosema.

Ila tusimpambe sana. DeMar hakuwa mtu rahisi. Alichukia kusumbuliwa akiwa mbioni, na inasimuliwa kwamba mtazamaji aliyemwagia maji au kumzuia njiani aliweza kuambulia ngumi. Mwalimu wa kanisa huyo! Mwaka 1923 gari lilimgonga mguuni na kumharibia kiatu, akaendelea na kiatu chake kibovu hadi mwisho. Na alishinda.

Katika Olimpiki ya Paris 1924 alipata medali ya shaba nyuma ya Albin Stenroos wa Finland na Romeo Bertini wa Italia. Marekani ilisubiri hadi 1972 kupata medali nyingine ya marathoni.

Kushindwa kulimuuma. Mwaka 1925 alikuwa wa pili Boston, 1926 wa tatu, nyuma ya kijana asiyejulikana wa Canada, Johnny Miles. Mtu wa miaka 37 angeweza kuishia hapo bila aibu yoyote. Yeye alishinda 1927 na 1928, kisha 1930 akiwa na miaka 41. Hakuna mwanamume mwingine mkimbiaji wa miguu aliyewahi kushinda Boston kwa umri huo.

Kwa muda alifundisha uchapaji kwenye chuo cha ualimu mjini Keene, New Hampshire. Mji huo una marathoni yenye jina lake mpaka leo.

Hakuacha. Boston aliikimbia mara 34, ya mwisho mwaka 1954 akiwa na miaka 65. Alimaliza wa 78. Hata saratani ilipomwingia, aliendelea kushiriki mbio fupi zaidi.

Alifariki Juni 1958 huko Reading, Massachusetts, siku chache baada ya kutimiza miaka 70.

Madaktari wakaufungua ule moyo. Mmoja wao alikuwa Paul Dudley White, bingwa wa moyo aliyemtibu Rais Eisenhower. Walikuta mishipa inayolisha moyo wa DeMar ni mipana mara 2 hadi 3 kuliko ya mtu wa kawaida. Kulikuwa na dalili za kuziba kidogo, kama ilivyo kwa wazee wengi, lakini kwa upana ule damu ilikuwa inapita bila shida. Ripoti yao ilichapishwa mwaka 1961, miaka 50 tangu aambiwe aache kukimbia.