Leakey na fumbo la mifupa ya Homa Bay

Louis Leakey alizaliwa Kabete mwaka wa 1903, mwana wa wamishonari Waingereza, akasomea Cambridge na kurejea kutafuta chimbuko la binadamu.

Mwaka wa 1932, huko Kanam, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Homa Bay, Juma Gitau, mmoja wa wachimbaji wake, alipata kipande cha taya. Leakey alitangaza kuwa ni cha spishi mpya, Homo kanamensis. Hata hivyo, mwanajiolojia Percy Boswell alipozuru mwaka wa 1935, Leakey alishindwa kumwonyesha mahali hasa kilipotoka. Dai hilo likaporomoka, na sifa yake ikaingia doa.

Kisiwa cha Rusinga kilimfuta machozi. Mwaka wa 1948 mkewe, Mary, alipata huko fuvu la nyani asiye na mkia, aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita. Kwa muda mrefu fuvu hilo lilihesabiwa kuwa la spishi moja na mabaki ya Koru. Mwaka wa 1993 wataalamu waliwatenga nyani wa Rusinga na Mfangano kuwa spishi yao wenyewe, wakaiita heseloni kumuenzi Heselon Mukiri, msaidizi wa Leakey wa miaka mingi.

Leakey alifariki London mwaka wa 1972, akazikwa Limuru.