Chemirocha: mtu wa reli wa Mississippi aliyepewa jina na Wakipsigis

Mimi nimezaliwa Mji wa Kale, Mombasa, na biashara ndiyo iliyonileta Kanduyi. Nilidhani huku bara nitasikia litungu la Wabukusu mchana na lingala usiku. Nimevisikia vyote viwili, lakini ikifika Jumapili, kuanzia maduka ya makutano haya mpaka matatu zinazokwenda Kitale, ni kantri tupu: magitaa ya Marekani na wanaume wanaolalamikia mapenzi kwa sauti za puani. Jamaa zangu wa pwani wakija kunitembelea hucheka. Husema watu wa huku wameziacha ngoma zao wakashika za wazungu.

Siafiki. Na hoja yangu ni mtu mmoja, Jimmie Rodgers, aliyefariki 1933 na hakukanyaga Afrika hata siku moja.

Alizaliwa Septemba 8, 1897, upande wa Meridian, jimbo la Mississippi. Ndiyo kwanza reli yetu ya kutoka Mombasa ilikuwa inajengwa, mwaka wake wa pili. Mama yake alifariki angali mtoto mdogo, na baba yake alikuwa msimamizi wa vibarua wa reli. Kijana akaingia kazi hiyo hiyo, kwanza akiwapelekea mafundi maji, baadaye akiwa mtu wa breki. Kazi ya breki zama hizo haikuwa mchezo. Vibarua wengi wa njia ya reli walikuwa weusi, na kwao alichota namna ya kupiga gitaa na zile nyimbo za huzuni wanazoziita bluzi. Hilo nalisema mapema kwa sababu wanaoita kantri muziki wa wazungu hulisahau.

Mwaka 1924 madaktari wakamwambia ana kifua kikuu. Dawa ya kuuponya haikuwapo bado. Tayari alikuwa na mke, Carrie, na binti, na mtoto mwingine walikuwa wamemzika. Reli hakuiweza tena. Likabaki gitaa.

Agosti 1927, mtu wa kampuni ya santuri ya Victor, Ralph Peer, alifika mji wa Bristol, Tennessee, kurekodi waimbaji wa milimani. Rodgers akaenda na bendi. Usiku wa kuamkia kurekodi wakagombana kuhusu jina litakaloandikwa kwenye santuri, na wenzake wakajitenga. Tarehe 4 akaingia peke yake, akaimba nyimbo mbili, akalipwa dola 100. Siku chache kabla, katika chumba hicho hicho, Peer alikuwa amewarekodi watu wa familia ya Carter, na Wamarekani huzihesabu siku hizo kuwa ndizo kantri ilipozaliwa. Wasomaji wa pwani wanisaidie kukumbuka kwamba mwaka uliofuata, 1928, Siti binti Saad alivuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri zake. Binti wa Fumba na kijana wa Meridian, wote wawili watoto wa maskini, walifikishwa mbali na gramafoni ndani ya muda wa mwaka mmoja.

Kilichomtofautisha Rodgers ni koo lake. Katikati ya wimbo sauti yake ilikuwa ikitoka kifuani, ikaruka ghafla juu ikawa nyembamba, ikashuka, ikaruka tena, bila neno lolote, kama mchungaji anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Huitwa yodeli, na wenye sifa nayo ni wachungaji wa milima ya Uswisi na Austria. Yeye akaitia ndani ya bluzi. Santuri aliyoirekodi Novemba 1927, Blue Yodel, ilinunuliwa vibaya sana, akalazimika kuendelea kutoa nyingine za jina hilo zenye namba. Ya 9 aliirekodi Julai 1930 huko Hollywood, Louis Armstrong akipuliza tarumbeta na mkewe Lil akipiga piano. Kusini walikotoka Rodgers na Armstrong, mweusi na mweupe hawakuruhusiwa kukaa behewa moja. Jina la Armstrong halikuandikwa kwenye santuri.

Pesa alizipata na akazitumia. Alijenga jumba kubwa Kerrville, Texas, akitafuta hewa kavu ya kumfaa kifua, kisha hakuweza kulihifadhi. Alizunguka akiimba huku akikohoa damu. Mei 1933 alikwenda New York kurekodi ili familia ibaki na kitu. Studio wakamtandikia kitanda. Akimaliza wimbo analala, akipata nguvu anainuka kuimba mwingine. Wa mwisho ulikuwa tarehe 24. Tarehe 26 alifariki hotelini, umri miaka 35, na treni ikamrudisha Meridian.

Sasa turudi kwetu. Santuri zake ziliingia nchi hii na wazungu wenye gramafoni, zikasikika na Wakipsigis wa upande wa Kericho. Hao ni Wakalenjin, ndugu wa lugha na Wasabaot wa Mlima Elgon tunaokutana nao sokoni Chwele. Kwa Wakalenjin majina mengi ya kike huanza na Che: Chebet, Chelagat, Chepkoech. Jimmie Rodgers, likitamkwa haraka, likaangukia humo humo. Likawa Chemirocha.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo ya kurekodi, alifika Kapkatet. Siti alikuwa amefariki Julai ya mwaka huo huo. Wasichana wakamwimbia Tracey wimbo wao, chepkong, kinubi cha Wakipsigis, kikilia nyuma yao. Kwa maelezo ya Tracey, Chemirocha wa wasichana hao alikuwa nusu mtu nusu paa, na walimwalika acheze mpaka suruali imvuke. Wazungu wengi walioandika habari hii huicheka kidogo, kana kwamba watoto wa kijijini walichanganyikiwa na gramafoni. Mimi siichukulii hivyo. Sauti isiyo na mwili, inayoruka kutoka ya mwanamume hadi ya kiumbe kingine, wewe ungeipa umbo gani? Nasi pwani tungesema jini. Wao walimpa miguu ya paa, wakamkaribisha ngomani, na wimbo wenyewe ni wa Kikipsigis kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hakuna mahali wameimba kama yeye. Walioiacha ngoma yao hapo ni nani?

Ninaloliona baya ni jingine. Sauti za wasichana hao zilihifadhiwa Afrika Kusini, wasomi wa Ulaya na Marekani wakazijua, na Kapkatet yenyewe haikuwa nazo. Ilikuwa miaka ya 2010 ndipo maktaba inayotunza kazi za Tracey, pamoja na Ketebul Music ya Nairobi, waliporudi vijijini na rekodi hizo. Walimkuta mzee mmoja aliyerekodiwa akiwa kijana. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 60, na akawekewa sauti yake mwenyewe aisikilize.