Francis Crozier: Nahodha aliyemezwa na barafu, riwaya ya kutisha ikamfufua

Na Mwandishi Wetu

WAPENZI wa riwaya za kutisha wanamfahamu Francis Crozier kama nahodha mlevi, mwenye moyo mzito, anayewaongoza mabaharia katika nchi ya barafu huku wakiwindwa gizani na dude lisilojulikana. Hivyo ndivyo alivyochorwa na Mmarekani Dan Simmons katika riwaya ya The Terror, iliyotoka mwaka 2007 na kufanywa tamthilia ya televisheni mwaka 2018.

Dude hilo ni la kubuni. Crozier alikuwa mtu wa kweli, na yaliyompata yanatisha hata pasipo dude lolote.

Alizaliwa mwaka 1796 katika mji mdogo wa Banbridge, kaskazini mwa Ireland, akiwa mtoto wa 11 kati ya watoto 13 wa mwanasheria. Akiwa na umri wa miaka 13 tu, aliiaga familia yake na kujiunga na Jeshi la Majini la Uingereza.

Kati ya mwaka 1821 na 1827 alisafiri mara tatu katika bahari ya kaskazini ya barafu chini ya Kapteni William Edward Parry. Huko aliishi jirani na Wainuit, wenyeji wa nchi hiyo, akajifunza maneno ya lugha yao, nao wakampa jina la Aglooka.

Mwaka 1839 alikabidhiwa meli ya Terror, akaelekea upande wa pili wa dunia, Antaktika. Meli hiyo ilijengwa mwaka 1813 kwa kazi ya vita, na mwaka uliofuata ilishiriki kuushambulia mji wa Baltimore nchini Marekani. Safari ya Antaktika iliongozwa na rafiki yake mkubwa, James Clark Ross, aliyekuwa katika meli ya Erebus, na ilichukua miaka minne.

Waliporejea, Ross alipewa cheo cha heshima cha Sir. Crozier alichaguliwa mwanachama wa chama cha wanasayansi wa Uingereza kwa kazi yake ya kupima nguvu za sumaku ya dunia, lakini heshima ya namna ile hakuipata. Alikuwa Mwairishi, asiye na mkubwa wa kumshika mkono.

Hata mapenzi hayakumwendea vizuri. Alimchumbia Sophia Cracroft, mpwa wa mvumbuzi mashuhuri Sir John Franklin, akakataliwa.

Hata hivyo, ni chini ya Franklin huyo huyo alikokwenda kutumikia mwaka 1845, Uingereza ilipotaka kukamilisha ramani ya njia ya bahari inayopita kaskazini mwa bara la Amerika hadi Asia. Franklin, mwenye umri wa miaka 59, alipewa uongozi wa msafara. Crozier, aliyeyajua barafu kuliko karibu kila ofisa aliyekuwamo, akawa msaidizi wake na nahodha wa Terror.

Meli hizo mbili ziling'oa nanga Mei 19, 1845, zikiwa na injini za mvuke na chakula cha miaka mitatu, kingi kikiwa cha makopo. Kutoka Greenland, Crozier alimwandikia Ross barua ya huzuni, akieleza hofu yake kwamba walikuwa wamechelewa msimu na kwamba alijisikia mpweke.

Mwishoni mwa Julai wavuvi wa nyangumi waliziona meli hizo. Hakuna Mzungu mwingine aliyewaona tena watu hao 129 wakiwa hai.

Yaliyofuata yanajulikana kwa sehemu kutokana na karatasi moja iliyokutwa mwaka 1859 ndani ya rundo la mawe katika kisiwa cha King William. Maelezo yake ya kwanza, ya Mei 1847, yanasema mambo yote ni mema. Pembeni mwa karatasi hiyo hiyo, Aprili 25, 1848, yaliongezwa mengine: meli zilikuwa zimenaswa tangu Septemba 1846, Franklin alifariki Juni 11, 1847, na watu 24 walikuwa wamekwisha kufa.

Mzigo wa watu 105 waliobaki ukamwangukia Crozier. Aliziacha meli, na chini ya sahihi yake akaongeza kwamba kesho yake wangeanza safari ya kuelekea mto Back, ulioko bara upande wa kusini. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yanayojulikana.

Walizikokota mashua nzito juu ya barafu kwa mikono yao, huku njaa na maradhi yakiwamaliza. Baadhi ya Wainuit walisimulia baadaye kwamba walikutana na Wazungu waliodhoofika, wakiongozwa na mtu waliyemwita Aglooka, wakawagawia nyama ya sili.

Mwaka 1854 mpelelezi John Rae alipeleka London habari alizozipata kwa Wainuit kwamba watu wale walikufa kwa njaa, na wa mwisho walikula miili ya wenzao. Jamii ya Kiingereza ilighadhibika. Mwandishi mashuhuri Charles Dickens aliyakanusha madai hayo na kuwatupia Wainuit lawama.

Muda ukawapa Wainuit haki. Uchunguzi wa mifupa uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha alama za visu. Mwaka 2024 vipimo vya vinasaba vilithibitisha kwamba taya moja yenye alama hizo ni ya James Fitzjames, nahodha wa Erebus aliyetia sahihi karatasi ile pamoja na Crozier.

Erebus ilipatikana chini ya bahari mwaka 2014, mahali palipokaribiana na masimulizi ya wenyeji. Terror ilipatikana mwaka 2016, baada ya Mwinuit mmoja kuwaeleza watafutaji kwamba miaka kadhaa nyuma aliona mti uliofanana na mlingoti ukichomoza kwenye barafu.

Usilolijua ni usiku wa kiza, lakini wapo waliolijua, wakasema, na hawakusikilizwa.

Katika riwaya, Crozier ananusurika na kuishi miongoni mwa Wainuit. Katika historia kaburi lake halijaonekana, na kilichobaki Banbridge ni sanamu yake iliyozungukwa na dubu weupe wa mawe.

Mwaka 2019 wapiga mbizi waliingiza kamera ndani ya Terror. Sahani zilikuwa bado rafuni, na meza ya nahodha ilikuwa mahali pake. Mlango mmoja tu ulikutwa umefungwa. Ulikuwa wa chumba alichokuwa akilala Crozier.