Adolf Loos

Adolf Loos (10 Desemba 1870 – 23 Agosti 1933) alikuwa msanifu majengo na mwandishi wa Austria. Anajulikana hasa kwa kupinga mapambo katika majengo, na kwa nyumba moja ya Vienna iliyozua ugomvi mkubwa kwa sababu ilijengwa bila nakshi mbele ya kasri la Kaisari.

Maisha ya awali

Alizaliwa Brno, mji ambao leo uko Ucheki lakini wakati ule ulikuwa ndani ya Milki ya Austria-Hungaria. Baba yake, aliyekuwa mchongaji wa mawe na sanamu, alifariki Loos akiwa bado mtoto. Alisoma Dresden bila kuhitimu. Mwaka 1893 alikwenda Marekani, akatembelea Maonyesho ya Dunia ya Chicago na kukaa huko miaka 3, akiishi kwa vibarua.

Mwaka 1896 alihamia Vienna. Kandokando ya Ringstrasse, barabara pana iliyochukua nafasi ya kuta za zamani za mji, zilikuwa zimejengwa nyumba za kupangisha zenye sura ya makasri. Mapambo yake mengi yalionekana kama mawe ya kuchonga, kumbe ni saruji iliyomiminwa kwenye kalibu na kupachikwa ukutani. Katika makala ya mwaka 1898 Loos aliufananisha mji huo na vijiji vya bandia ambavyo inasimuliwa Potemkin alimjengea malkia wa Urusi.

Baadaye alitoa hotuba yake maarufu dhidi ya mapambo, akiyahusisha na uhalifu. Sehemu ya hoja hiyo ilijengwa juu ya dharau kwa watu wa Papua na desturi yao ya kuchanja chale, jambo ambalo wasomaji wa leo hulilaumu kwa haki.

Looshaus

Mwaka 1909 duka la nguo za wanaume la Goldman & Salatsch lilimpa kazi ya kujenga katika uwanja wa Michaelerplatz. Upande mmja wa uwanja ni lango la kasri la Hofburg lenye kuba na sanamu nyingi. Upande mwingine ni Kanisa la Mtakatifu Mikaeli.

Jengo lilisimamishwa kwa zege lenye nondo. Sehemu ya chini, yaani duka, ilifunikwa kwa marumaru ya kijani kutoka kisiwa cha Euboea, Ugiriki, ikiwa na nguzo 4 mlangoni. Ghorofa za juu, zilizokuwa makazi, zilipigwa plasta nyeupe tu, na madirisha yake hayakuwekewa urembo wowote. Jambo hilo ndilo lililowaudhi watu. Mwaka 1910 halmashauri ya jiji ilisimamisha kazi ya uso wa jengo, na magazeti yakachora katuni zikifananisha madirisha na mfuniko wa chemba. Husimuliwa pia kwamba Kaisari Franz Joseph aliacha kutumia lango lililoelekea nyumba hiyo, ingawa huenda ni hadithi tu.

Loos alijitetea mbele ya umati mkubwa mwezi Desemba 1911. Kwake yeye, waliouharibu mji ni wale waliozipa nyumba za kawaida sura ya kasri, kwa kuwa kasri halisi lilipoteza hadhi yake likizungukwa na makasri ya bandia. Nyumba za zamani za wenyeji wa Vienna zilikuwa na kuta tupu za plasta, nazo ndizo alizozifuata kwa ghorofa za makazi. Nguzo za chini zinaitikia nguzo za mlango wa kanisa lililo jirani. Hata hivyo wakosoaji wamekumbusha kwamba nguzo hizo hazibebi ghorofa za juu, jambo la ajabu kwa mtu aliyechukia udanganyifu.

Ugomvi ulimalizika mwaka 1912 kwa maafikiano: masanduku ya maua ya shaba nyeusi yaliwekwa chini ya baadhi ya madirisha.

Miaka ya baadaye

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza aliongoza usanifu katika ofisi ya makazi ya jiji la Vienna, akishughulikia nyumba za gharama nafuu. Mwaka 1924 alihamia Paris, alikomjengea nyumba mshairi Tristan Tzara. Villa Müller ya Prague, iliyokamilika mwaka 1930, ina vyumba vya kimo tofauti vilivyounganishwa kwa ngazi fupi, na wengi huihesabu kuwa kazi yake bora.

Mwaka 1928 alishtakiwa Vienna kwa makosa ya kingono dhidi ya wasichana wadogo. Mahakama ilimtia hatiani kwa sehemu ya mashtaka na kumpa kifungo kilichoahirishwa.

Alifariki Kalksburg, karibu na Vienna. Kaburi lake katika makaburi makuu ya jiji lina jiwe la mraba lisilo na pambo, alilolichora mwenyewe. Nyumba ya Michaelerplatz, ambayo sasa inatumiwa na benki, imekuwa chini ya ulinzi wa kumbukumbu za kitaifa tangu mwaka 1947, na masanduku ya maua bado yapo.