Padre Gregor Mendel na Maharage Yake

Jina la Padre Gregor Mendel hutajwa shuleni kwa ajili ya njegere. Ni wachache wajuao ya kuwa maharage ndiyo yaliyomwonyesha fumbo kubwa zaidi.

Alizaliwa mwaka 1822 kijijini Heinzendorf, katika nchi iitwayo leo Ucheki. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokosa karo, Theresia, dada yake mdogo, alimwachia sehemu ya mali aliyowekewa kwa ajili ya ndoa yake. Mwaka 1843 akaingia monasteri ya Waagostino mjini Brno, na mwaka 1847 akapewa Daraja ya Upadre. Mwaka 1850 alishindwa mtihani wa ualimu, wala hakukata tamaa. Akaenda kusoma Vienna.

Toka mwaka 1856 hata 1863 alichunguza mimea ya njegere ipatayo 28,000. Alipochanganya mirefu na mifupi, watoto wote walitoka warefu. Lakini katika wajukuu, takriban mmoja katika kila wanne alikuwa mfupi. Wa kati hakuwapo. Akatambua kwamba kila mzazi humpa mtoto chembe yake ya urithi, ambayo leo huitwa jeni.

Lakini je, mbona kimo cha wanadamu hupanda kidogo kidogo, kama ngazi? Jambo la namna hiyo Mendel aliliona katika maharage. Alichanganya yenye maua meupe na yenye maua mekundu, na wajukuu wakatoa rangi za kila namna, tangu zambarau iliyokolea hata nyeupe. Katika mimea 31 iliyochanua, mmoja tu ulikuwa mweupe. Hakuitupa kanuni yake, bali alifikiri kwamba rangi hiyo huenda ni kazi ya chembe mbili au zaidi, kila moja ikirithiwa peke yake.

Hayo aliyachapisha mwaka 1866, na wachache sana waliyajali. Mwaka 1868 alichaguliwa kuwa Abati; akafariki tarehe 6 Januari 1884. Kazi yake ilifufuliwa mwaka 1900.

Mwaka 1918 Mwingereza Ronald Fisher alithibitisha kwa hesabu kwamba jeni nyingi, kila moja ikiongeza kidogo, hufanya ngazi ile. Mwaka 1923 Mmarekani Karl Sax aliona ya kuwa uzito wa maharage hufuatana na rangi ya ganda lake; ndiyo ishara kwamba chembe za uzito zakaa jirani na zile za rangi. Na mwaka 2022 uchunguzi wa watu zaidi ya milioni 5 ulionyesha mahali zaidi ya 12,000 katika urithi wetu panapogusa kimo.

Basi, mtoto akiwazidi wazazi wote wawili kwa kimo, au akipungua, baba asiharakishe kumshuku mama. Chembe nyingi zimekutana kwa namna mpya, na chakula na afya navyo vimetia mkono. Nyumba ngapi zimevunjika kwa shaka ambayo maharage ya Brno yangaliweza kuiondoa!